Kunoa Mundu Moto Ukija

Nilikuwa nimetoka kwenye uzazi wangu wa kwanza. Kwetu Kibosho mwanamke aliyejifungua alikaa ndani miezi mitatu, hashiki jembe wala hachoti maji, analetewa mtori wa ndizi na mlaso wa damu na maziwa mpaka mashavu yanajaa, na siku anapotoka watu wanamtazama kuona kama ukoo wa mume umemlisha. Mimi nililishwa vizuri. Lakini nilipotoka nje nilikuta kiangazi kimekausha mfereji uliopita kando ya kihamba chetu, shamba la migomba linalozunguka nyumba, majani ya migomba yamejikunja, na ng'ombe wetu wawili zizini wanatafuna vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa kwa kukosa kitu kingine.

"Wiki hii tunashuka," mama mkwe akasema.

Kushuka kulimaanisha kwenda tambarare, chini kabisa kupita mji wa Moshi, kukata majani ya ng'ombe. Wanawake wa mlimani walishuka kila kiangazi, na mimi tangu utoto nilikuwa naogopa kule. Nilipokuwa msichana kwa mama yangu nilisikia habari za nyoka wanaolala kwenye nyasi ndefu, za homa, za jua linaloangusha watu. Huku juu unaishi chini ya migomba, huoni mbali na huonekani. Kule chini hakuna pa kujificha.

Niliogopa pia mundu wenyewe. Nyumbani kwetu kaka zangu ndio walionoa, sisi tulipewa ukiwa tayari. Kwa mume wangu kazi hiyo ilikuwa ya wanawake, na miaka ile ilikuwa miaka ya shida ya vitu. Sukari hakuna, sabuni hakuna, kiberiti hakuna. Asubuhi watu walipita nyumba kwa nyumba na kigae kuomba kaa la moto. Tupa ya kunolea usingeipata hata kwa dawa. Katika duka la vyuma mjini, yule mzee wa Kihindi alikuwa akitikisa kichwa kabla hujafungua mdomo. Miundu yetu ilifuliwa na mhunzi wa hapo kijijini kutokana na springi ya lori, na kilichobaki cha kuinolea kilikuwa jiwe.

Jioni ya kuamkia safari mama mkwe alinikalisha nyuma ya jiko anifundishe.

"Kisu kilichonyooka unakipeleka kwenye jiwe," alisema. "Mundu haupelekwi popote. Mundu unakaa, jiwe ndilo linaloufuata."

Aliketi kwenye kigogo, akaukanyaga mpini kwa mguu wa kulia, akauegemeza mgongo wa mundu kwenye kigogo kingine, tumbo lake likatazama juu. Kinoo chake kilikuwa jiwe la mtoni, jembamba na refu kama kiazi kitamu, limeviringika. Jiwe pana, aliniambia, haliingii kwenye tumbo la mundu. Linagusa huku na huku na kuruka katikati, na katikati ndiko majani yanakokatika. Alilitemea mate, akaanzia karibu na mpini, akalisukuma kufuata mpindo, kifundo cha mkono kikizunguka taratibu mpaka likafika kwenye ncha. Kisha akarudia. Alinoa upande mmoja tu, ule ulioinama. Upande wa nyuma, ulio bapa, aliupitishia jiwe mara moja likiwa limelala kabisa, ili kuondoa ule unywele wa chuma unaobaki kwenye makali.

"Haya, wewe."

Nilishika jiwe. Ukinoa hivyo, mkono wako unakwenda kuelekea kwenye makali, na hakuna kinachokukinga ila kujua unakokwenda. Na kila nilipotazama mkono wa mama mkwe niliona kidole chake cha shahada, ambacho hakikuwa na ncha. Kiliishia pale kucha inapoanza.

"Mama, ni mundu mkali uliokukata?"

"Butu," akasema. "Mkali unakwenda unakoupeleka. Butu unakwenda unakotaka wenyewe."

Jioni ile nilijikata mara mbili, vijikato vidogo. Alinifunga kidole kwa kitambaa, akanionyesha jinsi ya kushika jiwe kwa juu, vidole vimekunjwa, na akaniambia nibebe kinoo mimi, kwa kuwa majani makavu ya kule yanaua makali haraka na lazima mtu anoe kazi ikiendelea.

Tulishuka wanne: mama mkwe, wifi yangu ambaye alikuwa hajaolewa bado, jirani yetu mmoja mwenye miguu mirefu na kicheko kikubwa, na mimi. Mtoto nilimwacha kwa shangazi wa mume wangu. Nilimnyonyesha mpaka akashiba, na bado nilipomkabidhi nilihisi kama ninaacha mkono wangu pale. Tulipata nafasi kwenye lori lililokuwa likienda Chekereni kuchukua mpunga. Dereva alitushusha njiani, mahali ambapo nyasi zilisimama hadi mabegani, na kusema angetupitia jioni akirudi.

"Mkisikia honi tu, muwe barabarani," alisema. "Sitangoja. Mafuta yenyewe haya ya kuokoteza."

Lori likaondoka, vumbi likatulia, na nikasikia jinsi kule kulivyokuwa kimya. Tuliingia ndani ya nyasi mbali na barabara, mpaka kwenye kichuguu kikubwa kilichokuwa na kijiti juu yake, tukaanza kukata kukizunguka. Mlima ulikuwa nyuma yetu, umefunikwa mawingu, na sikupenda kuutazama kwa sababu ulionyesha nyumbani kulivyokuwa mbali.

Nilikata polepole. Mikono ilikuwa imelegea kwa miezi ya kukaa ndani, na kila fungu la nyasi nililokamata nililitikisa kwanza nikingoja kitu kitoke. Jirani alinicheka.

"Nyoka naye anakuogopa hivyohivyo, mama mtoto. Kata!"

Kufikia mchana tulikuwa tumefunga mizigo kadhaa kwa kamba za migomba, na kukizunguka kichuguu kulikuwa na uwanja wa visiki vya nyasi, mpana kama ua wa nyumba. Tulikula ndizi za kuchoma, tukanywa maji yetu karibu yote. Maziwa yalikuwa yamenijaa, kifua kinauma, kanga imelowa. Nilikuwa nikimwaza mtoto niliposikia mama mkwe akinusa hewa.

"Nani anachoma?"

Kwanza sote tulifikiri ni mbali. Kule chini kila kiangazi watu walichoma nyasi ili mvua ikija ziote mpya. Wifi alipanda juu ya kichuguu, akashika kile kijiti, akatazama upande upepo ulikotoka. Kwa jinsi alivyosimama, nikajua.

"Mama," akasema, "unakuja."

"Upana wake?"

"Siuoni mwisho wake. Huku wala huku."

Jirani alipanda naye akaona. Aliposhuka uso wake ulikuwa umebadilika, hata midomo ilikuwa ya kijivu. "Twende kwenye reli," akasema. "Reli iko kule, tuta lake ni mawe matupu. Tukikimbia sasa hivi tunafika."

Njia ya reli ilikuwa kweli upande ule, lakini hakuna aliyejua ni mbali kiasi gani, na katikati yetu na reli kulikuwa na nyasi zilezile, kavu, ndefu. Nilimtazama mama mkwe. Miguu yangu ilikuwa tayari imeanza kukimbia yenyewe, nasema kweli, mguu mmoja ulikuwa umeshageuka.

"Moto wenye upepo haukimbiwi kwenye nyasi," mama mkwe akasema. "Hapa tumeshakata. Tupanue."

"Mtafia hapa!" jirani akapiga kelele. Alinishika mkono. "Wewe una mtoto mchanga. Njoo!"

Sijui kwa nini sikwenda. Nimejiuliza mara nyingi. Labda ni kwa sababu mama mkwe hakuniambia nibaki. Alikuwa ameshaniinamia, anauweka mundu wake miguuni pangu. Jirani akaniachia, akakunja kanga yake kiunoni na kuingia kwenye nyasi. Tulisikia nyasi zikivunjika, kisha hatukusikia tena.

"Mikono yako haina nguvu ya kukata," mama mkwe akaniambia. "Noa. Sisi tutakata kwa miwili, wewe unanoa wa tatu. Ukibutuka mmoja tunakutupia, unatupa mkali. Usisimame."

Niliketi kwenye mzigo wa majani na kuukanyaga mpini. Miundu yote ilikuwa imechoka kwa kazi ya asubuhi. Ukipitisha kidole gumba kukatisha makali, ngozi iliteleza tu. Niliinua jiwe mdomoni nitemee mate, na mdomo haukuwa na mate. Ulimi ulikuwa umekauka kama gome. Nilijaribu tena, nikakohoa tu. Jiwe kavu linajaa unga wa chuma, linateleza, halinoi. Maji yaliyobaki kwenye kibuyu mama mkwe alikuwa ameshayamimina juu ya kanga zetu na kuziweka kivulini, za kujifunika.

"Mama, sina mate!"

"Noa!" akajibu bila kugeuka.

Ndipo nikafungua kanga kifuani na kulikamulia jiwe maziwa. Yalitoka yenyewe, karibu bila kuguswa, yalikuwa yamengoja tangu asubuhi. Niliona jiwe likilowa na kuwa jeusi, nikalisukuma, na sauti ikabadilika. Ikawa ile sauti nzito ya jiwe linalokula chuma. Nililia. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa namwibia mtoto, na mkono ulikuwa unaendelea kuzunguka: karibu na mpini, tumboni, kwenye ncha. Hofu ilitaka niruke tumbo, niguseguse mwanzo na mwisho, mahali ambapo jiwe linakaa kirahisi, kisha nitupe. Nilijilazimisha. Kila nilipofika tumboni nilipunguza mwendo.

Nilitupa wa kwanza, ukaja mwingine. Wifi alikuwa anakata kama mtu aliyepagawa, anakamata, anakata, anarusha nyuma. Mama mkwe alikata chini kabisa, hata vumbi lilimrukia. Walipanua upande ule moto ulikotoka. Kisha wifi akaacha kukata, akaanza kuburuta mizigo yote tuliyofunga asubuhi na kuitupa mbali upande wa pili, akabakiza ule niliokalia.

Moshi ulifika kabla ya moto. Pamoja na moshi wakaja wanyama. Sungura alipita katikati yetu bila kutuona. Panya wengi. Juu, mwewe walikuwa wanazunguka na kushuka kuokota. Nilikuwa nimeinamia mundu nilipoona kitu kirefu, cha rangi ya udongo, kinapita karibu na mguu wangu, ule ulioukanyaga mpini. Nyoka. Kilikuwa kile nilichokiogopa maisha yangu yote. Hakunitazama. Nilikaza mguu palepale, nikaendelea kunoa, na mkojo ukanitoka.

"Basi!" mama mkwe akapiga kelele. "Acheni! Nyuma ya kichuguu!"

Wifi aliniinua kwa kwapa na kuusukumia mbali mzigo niliokalia. Tulilala nyuma ya kichuguu, nyuso kwenye udongo, kanga mbichi vichwani, mama mkwe katikati. Ardhi ilikuwa inatetemeka, au ni sisi. Kelele ya moto ule sikuwa nimewahi kuisikia kwenye jiko wala kwenye shamba: kama mvua ya mawe kwenye bati, kisha kama lori, kisha masikio yakashindwa. Hewa ikaisha. Nilivuta pumzi nikavuta joto tupu. Nilisikia mama mkwe akisali Salamu Maria kwa Kichagga, haraka haraka, anaanza upya kabla ya kumaliza. Cheche zikaanza kuanguka, moja ikaniangukia kisigino. Kanga ya mama mkwe ikashika moto mgongoni na wifi akaizima kwa viganja vyake. Niliwaza: sasa. Sasa. Sikuweza kuwaza kitu kingine.

Kisha upande mmoja wa uso wangu ukahisi ubaridi kidogo.

Moto ulikuwa umetugawanyikia. Ulipofika kwenye uwanja wetu uliinama, ukatafuta, ukapita kulia na kushoto, ukaungana tena mbele yetu na kwenda zake. Tuliinuka. Kila kitu kilikuwa cheusi mpaka upeo wa macho, na katikati yake kile kiduara chetu cha visiki, rangi ya njano.

Hatukukumbatiana wala kushukuru. Mama mkwe alitazama upande wa reli, ambako moto ulikuwa unaelekea, na kusema, "Mtoto wa watu yuko kule."

Tulitembea juu ya majivu kwa viatu vyetu vya matairi, tukiita. Hofu ya kumtafuta jirani ilikuwa mbaya kuliko ile ya kwanza, kwa sababu sasa nilikuwa na nafasi ya kufikiri. Kila kisiki cheusi nilikiona mtu. Wifi alikuwa anatembea na viganja juu, malengelenge yameshaanza kuvimba. Tulipoliona tuta la reli tuliona pia kitu kimekaa juu yake, hakisogei.

Alikuwa hai. Kiatu kimoja kilikuwa kimemtoka njiani na hakurudi kukiokota. Mguu ule ulikuwa umeungua unyayo na kisigino mpaka juu ya kifundo, na moto ulikuwa umemfikia pale alipokuwa anapanda mawe. Alitutazama kama mtu asiyeamini macho yake.

"Nimekaa hapa nawalilia," akasema. "Nimeshawazika."

"Na sisi tumekuzika," mama mkwe akamjibu, akakaa chini karibu naye na kuuweka mguu ule mapajani mwake.

Dereva alipopiga honi jioni, wifi alikimbia kumwita, na pamoja na kusema hatangoja, alingoja. Tulimsaidia dereva kumbeba jirani mpaka kwenye lori, tukamlaza juu ya magunia ya mpunga, na tukampitisha hospitalini mjini. Alikaa huko muda mrefu. Alirudi akitembelea fimbo, kicheko chake kimepungua, na tulipoanza kuzoeana tena hakuwahi kutaja siku ile mbele yangu.

Nilipofika nyumbani shangazi alinipokea mlangoni na mtoto anayelia. Alinitazama, akaninusa, akamweka mtoto upande wa pili.

"Usimpe kwanza. Hayo ni maziwa ya hofu. Yakamue chini."

Nilijaribu kukamua, hakikutoka kitu. Yale yaliyokuwa yananilowesha mchana yalikuwa yamekatika. Mtoto alivuta, akalia, akavuta tena. Siku zilizofuata nilikaa nikisikiliza kilio chake na kuhesabu moyoni ni nini nimekimalizia kwenye lile jiwe, ingawa kila mtu aliniambia maziwa hayahesabiwi hivyo. Walinirudisha kwenye mtori kama mzazi mpya, wakampa mtoto uji mwepesi na maziwa kidogo ya ng'ombe, na baada ya muda maziwa yakarudi. Akanenepa. Lakini mikono yangu ilikuwa bado. Nikilishika jiwe na kukanyaga mpini, nililiweka chini kabla sijagusa chuma, na harufu ya jiko iliponipitia nilisimama bila kujua nimesimama. Wifi, viganja vyake vilipopona, alininolea mundu wangu bila kuombwa na bila kunisimanga.

Ng'ombe mmoja tulimhamishia kwa ndugu zetu wa Masama, ambako mvua ilikuwa imewahi. Yule mwingine tulimvusha kwa vigogo vya migomba. Mvua ilipoanza, mama mkwe alitafuta mbegu ya mabingobingo, tukaipanda pembeni mwa kihamba chote na kwenye kingo za mfereji, ili majani yapatikane nyumbani. Hayakutosha. Kiangazi kingine kikali kilipokuja nilishuka tena, kama wengine, na nilinoa, na nilinoa vizuri. Siwezi kusema hofu ilikwisha. Nilikata nikiwa nimeelekeza uso upande wa upepo, na sikumwamini mtu mwingine anuse kwa niaba yangu.

Kabla ya hapo lakini, siku moja tukiwa jikoni tunamenya ndizi, mimi na mama mkwe peke yetu, nilimuuliza jambo ambalo lilikuwa linanizuia usingizi.

"Mama, siku ile ulijuaje kwamba moto utapita?"

Aliendelea kumenya. Ndizi ikaisha, akachukua nyingine.

"Sikujua."

"Lakini ulituambia tubaki."

"Sikuwaambia mbaki. Nilisema tupanue." Aliweka kisu chini. "Mwanangu, haya magoti yangefika reli? Jirani alikuwa na magoti. Binti yangu alikuwa nayo. Wewe pia. Mimi nilikuwa nabaki, basi nikaanza kukata mahali pangu. Nilipogeuka, nikakuta mmebaki na mimi."

"Na ungetuona tunaondoka?"

"Ningewaombea." Akachukua kisu tena. "Niliogopa sana kwamba mmebaki. Kuliko moto wenyewe."

Maganda ya ndizi yalikuwa yamenigandia mikononi. Niliinuka, nikanawa, nikaingia chumbani kumchukua mtoto, ingawa alikuwa amelala.